Breki ya Kushoto

4 Februari

Dada,

Shikamoo. Sisi huku wazima, isipokuwa jino la wifi yako, ambalo bado linamsumbua na bado anamkwepa daktari. Namwambia ni jino moja tu, ananiuliza udaktari nimesomea wapi. Mkubwa wetu ameanza kazi kiwandani, anarudi, anakula, analala, tunaonana naye Jumapili kama mgeni. Mgongo wa Shemeji unaendeleaje? Na wale wasichana wako mia mbili wa bwenini, bado wote wanaumwa kichwa kila Jumatatu asubuhi?

Unalalamika kwamba sikupigii simu. Dada, tangu masikio yako yaanze kukugomea, nikikupigia wanaonisikia ni majirani zangu. Juzi mmoja kanisimamisha njiani kuniuliza kama mgongo wa Shemeji umepona. Bora tuandikiane. Dereva wa lori la vifurushi amekubali kutubebea.

Sasa kile kiti cha magurudumu cha Mama. Miezi mitano tangu tumzike kilikuwa kwenye kona ya karakana yangu, kila nikikata kitambaa nakiona. Uliniambia nimpe mtu ambaye Mama angempenda. Basi nilikisafisha, nikatia mafuta magurudumu na breki, nikakishonea kikalio kipya cha turubai, kisha nikakitangaza kwenye lile kundi letu la simu la kugawiana vitu bure.

Najua hujawahi kulielewa, ngoja nikueleze. Lilianza na kochi la mteja ambaye hakurudi kulichukua. Nikalipiga picha, nikaandika "anayelitaka aje", likaondoka siku hiyohiyo. Sasa tuko zaidi ya elfu nne. Mwenye kitanda, mwenye sufuria, mwenye baiskeli ya mtoto, anaweka picha, wenye shida nacho wanaomba. Wasimamizi tuko wawili, mimi na Mwalimu mstaafu anayekaa nyuma ya karakana.

Mwanzoni watu walikuwa wanaomba kwa kusimulia maisha yao. Dada, ungelia. Mimi mwenyewe nililia. Mmoja aliandika kuhusu mapacha wake wanaolala sakafuni, akapata magodoro sita ndani ya mwezi. Mapacha hawakuwapo, magodoro tuliyakuta sokoni. Lakini hilo silo lililoniuma. Kilichoniuma ni bibi mmoja wa mtaa wetu, alikuwa analala kwenye mkeka, kila siku anaandika "naomba godoro", basi, maneno mawili, na kila siku anapitwa. Anayejua kulia ndiye aliyekuwa anapata. Ndipo mimi na Mwalimu tukaweka sheria: taja kitu, taja siku utakayokuja kukichukua, nyamaza. Hadithi tunaifuta. Majina yanaandikwa kwenye vikaratasi, yanatiwa kwenye mkebe wa biskuti, Mwalimu anafumba macho anachomoa kimoja. Bibi alipata godoro wiki ya tatu.

Kiti kiliombwa na watu thelathini na mmoja. Kuna maombi niliyafuta, yalikuwa na hadithi. Kikaratasi kilichotoka ni cha fundi wa kuchomelea mageti, miguu ya mke wake haina nguvu tangu ajali. Alikuja Jumamosi na mkokoteni, akakibeba kama anabeba mtoto. Nadhani Mama angempenda.

Wasalimie wote.

Mdogo wako,
Msumari


22 Februari

Mdogo wangu Msumari,

Marahaba. Barua imefika na doa la mafuta pembeni, namshukuru dereva kwa kutuletea chakula chake pia. Shemeji yako mgongo unauma akiambiwa abebe maji, akiitwa kwenda kutazama mpira unapona. Mwambie wifi jino halioni haya, litamuaibisha siku ya watu wengi. Wasichana wako palepale. Jumatatu iliyopita walipanga foleni ishirini na wawili, na mtihani wa hesabu ulikuwa saa tatu.

Nimefurahi kiti kimepata mtu. Ila nimesoma sentensi yako mara tatu: kuna maombi niliyafuta. Yalisema nini? Uliyasoma? Sikulaumu, nauliza tu. Nilisema apewe ambaye Mama angempenda, na Mama alikuwa mtu wa kupenda hadithi.

Kiti kimenikumbusha yule Kengele, aliyekuwa anamtunza Mama. Miaka sita alimsukuma kwenye kiti hicho. Nikija likizo nilikuwa nasikia kicheko chake tangu kwenye kona ya barabara, ndiyo maana Mama akampa jina hilo. Najiuliza yuko wapi. Sitaki kuanzisha habari za hereni, yaliyopita yameshapita, nakumbuka tu.

Na lile kochi la Mama, alilokuwa anakalia jioni, umelifanyaje? Nisingependa litupwe.

Dada yako


15 Machi

Dada,

Shikamoo. Habari kubwa ni jino. Lilivimba mpaka shavu likawa kama limeficha embe, wifi yako akakubali kwenda, tukafika mlangoni, akasikia mashine, akageuka. Nilimkuta kituo cha mabasi amenunua miwani ya jua ambayo hakuwa anaihitaji. Akasema, "Mume wangu, leo si siku yangu." Nikamuuliza siku yake ni ipi, akasema itajulikana. Sasa anasukutua maji ya chumvi asubuhi, mchana na jioni, na watoto wamejifunza kumwigiza, nyumba nzima inasukutua.

Mkubwa amepewa buti za kazi, namba kubwa kuliko miguu yake, anatembea kama anakanyaga matope. Kazi kwangu si mbaya. Nimepata hoteli inayotaka viti arobaini vibadilishwe kitambaa.

Kuhusu maombi yaliyofutwa, Dada, huwezi kusoma kila kitu. Kwa siku yanaingia mia, mia mbili. Ukishaona mtu anaanza "ndugu zangu naomba mnisikilize", unajua kinachofuata. Sheria ni sheria, ukimhurumia mmoja umewadhulumu thelathini waliofuata utaratibu. Mwalimu anasema hivyohivyo.

Fundi wa mageti alipita hapa juzi. Anasema mke wake sasa anatoka nje, anakaa mlangoni anabishana na wauza mboga. Eti kiti chetu ni kizuri ila kina meno, kimemng'ata kidole gumba. Tulicheka.

Kochi nimelivua kitambaa. Mbao bado nzima.

Msumari


2 Aprili

Msumari,

Marahaba. Umenijazia ukurasa kwa jino na buti. Kochi la mama yetu umelipa mistari miwili mifupi kuliko jina lako.

Nina miaka ishirini na sita ya umatroni. Msichana akinijibu swali ambalo sijamuuliza, na lile nililomuuliza akalirusha dirishani, huwa sipigi kelele. Namwekea kiti, nakaa, nasubiri. Nimekuwekea kiti.

Dada


29 Aprili

Dada,

Shikamoo. Jino limetoka Jumanne, moja tu. Leo sina habari nyingine za kujifichia.

Januari, Jumamosi ya pili, nililivua kochi la Mama. Unajua kazi yangu. Kabla sijang'oa hata msumari mmoja, naingiza mkono kwenye ule mfereji kati ya kikalio na mkono wa kochi, kwa sababu humo ndimo vitu vya watu vinamoishia. Nina boksi zima la vitu vilivyotoka kwenye makochi ya wateja: sarafu, kalamu, vijiko, funguo, mara moja meno ya bandia, mwenyewe alikuja kuyachukua ameziba mdomo kwa leso. Nikaingiza mkono kwenye kochi la Mama. Nikatoa hereni.

Hereni yako, Dada, ile uliyomnunulia Mama kwa mshahara wako wa kwanza. Ile ambayo mimi nilimtoa Kengele kwa ajili yake. Mama alikuwa ameikalia miaka miwili.

Sijawahi kukueleza siku ile ilivyokuwa. Nilikuandikia tu kwamba imepotea na namshuku. Nilipekua mfuko wa Kengele mezani, mbele ya Mama. Kilitoka kitana, kipande cha sabuni, soksi za Mama alizokuwa amezichukua kwenda kuzishona. Hereni haikuwamo. Nikasema hiyo ndiyo dalili, ameshaipeleka kuuza. Kengele alisimama tu, mikono imening'inia. Na Mama akasema, "Angalia kwenye kochi, mwanangu."

Nilimjibu, "Mama, makochi ni kazi yangu, niachie mwenyewe."

Sikuangalia. Mimi ambaye naingiza mkono kwenye kochi la mtu nisiyemjua hata jina, kochi la mama yangu sikuliangalia. Nilikuwa nimeshasema mbele ya watu kwamba mtu ni mwizi, na nilikuwa sitaki kusahihishwa na mgonjwa. Tangu siku hiyo Mama hakuniomba tena kitu. Ukimuuliza chai anasema haidhuru, ukimuuliza mto anasema haidhuru. Nilijidanganya kuwa ni ugonjwa.

Hereni nikaitia kwenye kopo la misumari. Nikajiambia Kengele hatujui alipo, Mama hayupo tena, nikilifufua jambo hili litamsaidia nani.

Wiki mbili baadaye nikatangaza kiti. Maombi ya kumi na saba yalikuwa na picha ya Kengele. Amekonda, ila ni yeye. Yalianza hivi: "Ndugu zangu, samahani nitasema kidogo. Hicho kiti nakijua, kitambaa chekundu kwenye mpini nilikifunga mimi. Nimekisukuma miaka sita." Akaeleza kwamba baba yake amepooza upande mmoja, anambeba mgongoni kumtoa nje. Halafu akaandika kwamba alitolewa kwenye kazi yake kwa kudhaniwa mwizi, na tangu hapo hakuna aliyemwajiri kutunza mgonjwa, kwa sababu wote wanauliza ulitoka wapi na kwa nini. Hakunitaja. Aliandika tu "mtoto wa huyo mama alinidhania".

Nilifika hapo, nikafuta.

Mwalimu alikuwa pembeni yangu anakata vikaratasi. Akauliza, "Umefuta nini?" Nikasema, "Hadithi." Akasema, "Vizuri."

Na bado sijamaliza. Tukifuta, huwa tunamwandikia mtu pembeni: andika upya kwa ufupi, tutakuweka. Ndiyo kawaida yetu, hatujawahi kuiruka. Kengele sikumwandikia. Kikaratasi chake hakikuingia kwenye mkebe. Sheria tuliyoitunga kwa ajili ya yule bibi wa mkeka, mimi nilijificha nyuma yake kama mtoto nyuma ya mlango.

Sijui nikuombe nini. Nimekwambia.

Msumari


10 Juni

Dada,

Shikamoo. Wiki ya sita hii, na dereva kila akishuka ananyoosha mikono mitupu kabla sijamuuliza. Kama umenikasirikia, sawa. Kama unaumwa, mwambie Shemeji aandike hata mstari mmoja.

Nikueleze nilichofanya wiki iliyopita. Nilishindwa kukaa nalo, nikaliandika lote kwenye kundi. Hereni, kochi, maombi niliyoyafuta, yote, bila kumtaja Kengele. Ilikuwa ndefu kama barua hii. Nikaenda kunawa uso. Niliporudi, haipo. Mwalimu alikuwa ameingia karakana, amekaa kwenye kiti cha hoteli ambacho hakina kikalio.

"Umeifuta?" nikamuuliza.

"Nimeifuta. Hukutaja kitu, hukutaja siku."

"Mwalimu, nilikuwa naungama."

"Kwa nani? Watu elfu nne hukuwakosea. Kabla sijafuta walishaanza kukubembeleza. Mmoja kasema una moyo wa dhahabu. Mwingine anataka kukuletea kuku."

"Sikuomba kuku."

"Uliomba huruma, fundi, na wewe ndiye uliyeandika hapa hatugawi huruma. Nikiwafutia wengine nikakuachia wewe, nitakuwa mwalimu wa aina gani? Taja kitu, taja siku."

"Kitu gani?"

"Mimi nitajuaje? Kamuulize mwenyewe." Akanyanyuka, akajipangusa suruali. Alipofika mlangoni akageuka. "Na ile siku nilikwambia vizuri. Sikukuuliza hadithi gani. Kosa hilo nalo lina mwenyewe, ni mimi."

Namba ya Kengele ninayo, iko kwenye kundi. Nimeiandika kwenye ukuta wa karakana kwa chaki. Sijaipiga. Najiambia nasubiri neno lako.

Msumari


24 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Siumwi. Barua yako ya Aprili ilinifikia tarehe tano Mei. Niliisoma mara moja, nikaiweka chini ya godoro kama msichana aliyeandikiwa na mvulana. Shemeji yako akadhani nimepata mtu.

Sikukuandikia kwa sababu kila nilipochukua kalamu nilikuwa nataka kukugombeza, na kila nilipotaka kukugombeza nilikumbuka barua moja. Wewe unayo, najua unazo zote. Ulipoandika kwamba hereni imepotea, uliandika pia hivi, nakumbuka neno kwa neno: "Dada, sina uhakika, nifanyeje?" Nami nikakujibu mstari mmoja: mtoe leo hii, na asirudi kuaga.

Umeungama kurasa nne na mstari huo hukuugusa. Umenificha nyuma yako, ulivyokuwa unafanya tulipovunja vyombo utotoni. Acha. Nina miaka hamsini na tisa, naweza kubeba sahani yangu. Mimi nilikuwa mbali, sikumwona amesimama na mikono imening'inia, lakini nilikuwa naijua hereni nilivyoinunua, kwa kukaa na njaa mchana miezi miwili, na hasira hiyo ndiyo iliyoandika. Asirudi kuaga. Mtu aliyemwosha mama yetu miaka sita.

Sasa nisikilize. Wasichana wangu wa Jumatatu, mwanzoni nilikuwa nawarudisha darasani kabla hawajamaliza sentensi. Unajua kwa nini niliacha? Kuna mmoja alisema kichwa, nikasema darasani, na kumbe kichwa kilikuwa ndio mwanzo tu wa alichotaka kusema. Alipona, namshukuru Mungu. Tangu siku hiyo kila mmoja anasema mpaka mwisho, ndipo nampima joto. Nane kati ya kumi bado wananidanganya, na bado nawarudisha. Sheria yenu si mbaya, Msumari. Msiache kuchomoa vikaratasi, mtawarudisha wenye machozi mepesi. Lakini mtu kabla hujamfuta, mmalize kumsoma.

Usithubutu kumnyang'anya fundi kiti. Alikipata kwa haki na mke wake hana kosa.

Nenda kwa Kengele. Usimpigie, nenda. Usibebe sukari wala unga, utaonekana umekuja kununua. Beba hereni aione. Muulize anataka nini, halafu unyamaze. Na uandike barua ya kumsafisha jina, ya kuonyesha popote atakapoomba kazi, useme wazi kwamba hereni ilikuwa kwenye kochi. Acha nafasi ya saini mbili.

Dada yako


26 Julai

Dada,

Shikamoo. Wifi yako anakusalimia kwa mdomo mzima sasa. Mkubwa amepata buti za namba yake.

Nilikwenda. Nilimuuliza Mwalimu kama atanisindikiza, akasema ana maharage jikoni. Sijawahi kumwona akipika.

Kengele anapiga pasi kwenye duka la dobi, karibu na stendi, anakaa chumba cha nyuma na baba yake. Nilimkuta mezani, shati jeupe mbele yake, mvuke umemfunika uso. Mzee alikuwa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, amefungwa kwa shuka kifuani asianguke. Nilimsalimia mzee kwanza. Kengele aliniangalia, akamaliza kola, akamaliza mkono wa kulia, akamaliza wa kushoto, akalitundika. Ndipo akasema, "Karibu, fundi."

Zamani alikuwa ananiita kaka.

Niliweka hereni kwenye ubao wa pasi. Nikasema ilikuwa kwenye kochi, nilipaswa kuangalia, Mama aliniambia niangalie, nikakataa. Nilimwambia na neno lako, kwamba wewe pia unajua uliloandika. Aliichukua, akaigeuza kwenye mwanga.

"Ni ndogo," akasema. "Nilikuwa naikumbuka kubwa."

Nikamwambia na maombi yake niliyafuta mimi.

"Hilo najua. Nani mwingine? Picha ya kiti uliweka wewe, jina lako liko juu. Nilijua utasoma, ndiyo maana nikaandika." Akaweka hereni chini. "Ulisoma mpaka wapi?"

"Mpaka pale uliposema nilikudhania."

"Basi hukusoma."

Akachomoa simu kwenye chaji, akatafuta, akanipa. Maombi yale bado alikuwa nayo. "Soma kwa sauti, na Mzee asikie. Anzia ulipoishia."

Nilisoma, Dada. Neno kwa neno, kama mwanafunzi. Aliandika kwamba halaumu mtu, na kwamba mama aliyekuwa kwenye kiti hicho alikuwa mama yake pia, na kama kuna anayejua kaburi lake lilipo amwelekeze. Hakuwa anajua hata tulikomzika. Halafu mwisho kabisa, nakuandikia kama yalivyo:

"Kama sitakipata mimi, sawa. Ila atakayekipata mwambieni breki ya kushoto inabana kidole gumba. Asiikandamize moja kwa moja, aiinue kidogo kwanza. Mama alikuwa analia mpaka tulipoigundua."

Mimi niliitia mafuta breki ile. Miaka yote hiyo kiti kilikuwa nyumbani mwangu na sikuwahi kukisukuma siku moja kutoka mlangoni mpaka barabarani, nitajuaje kinauma wapi. Na yule fundi aliponiambia kimemng'ata mke wake, nilicheka.

"Umemwambia?" Kengele akauliza.

"Nani?"

"Aliyekipata."

"Sikujua, Kengele. Sikufika hapo."

"Sasa umefika. Nenda ukamwambie, halafu urudi tuzungumze haya mengine. Yangu yamesubiri miaka miwili, kidole cha mtu hakisubiri."

Nilitembea mpaka kwa fundi wa mageti. Mke wake alikuwa mlangoni na kidole kimefungwa kitambaa, kidole kingine hicho, cha pili, anabishana na muuza nyanya. Nilipiga magoti chini nikamwonyesha: inua kidogo, ndipo ukandamize. Akajaribu mara tatu. Akasema, "Na hili ulikuwa unalijua siku zote?" Nikamwambia lilikuwa limeandikwa, nikalifuta. Nikamweleza yote, mume wake amesimama nyuma na miwani ya kuchomelea kwenye paji la uso. Mume aliendelea kusugua bomba kwa msasa.

Nikarudi kwa Kengele jioni. Mambo mawili alitaka. La kwanza, apelekwe kaburini. Tulikwenda Jumapili, mimi, yeye na wifi yako. Alikaa muda mrefu, nasi tukasimama mbali. Hakucheka, lakini wakati wa kurudi wifi yako alimsimulia habari za jino na kituo cha mabasi, na kwa mbali nikakisikia kicheko. Si kile cha zamani, cha kufika kwenye kona. Kidogo tu.

La pili ni barua. Nimeiandika mara nne, Mwalimu akaisahihisha mara mbili, imo ndani ya bahasha hii. Saini yangu iko juu, nafasi yako iko chini. Itie, uirudishe na dereva huyuhuyu, anakungoja.

Msamaha sikumwomba, nilimwambia tu nimekosa. Aliniambia, "Nimesikia." Akarudi kwenye pasi. Hereni hakuitaka, anasema akionekana nayo wataanza upya. Ipo kwangu, lakini si kwenye kopo la misumari tena.

Kwenye kundi tumeongeza mstari mmoja, sio kwa ajili ya waombaji, ni kwa ajili yetu wawili: msimamizi asifute asichokimaliza. Mwalimu analalamika macho yanamuuma. Hadithi bado tunazifuta. Juzi nilisoma moja yenye mapacha tena, mpaka mwisho, nikaifuta, nikamwandikia pembeni aombe upya kwa ufupi. Hajajibu.

Na kiti cha Mzee. Sikuomba kwa mtu. Siku tatu baada ya mimi kwenda kwake, fundi wa mageti alikuja karakana na fremu aliyoichomelea mwenyewe, magurudumu ya baiskeli mbili tofauti, akaiweka chini, akasema, "Kushona ni kazi yako," akaondoka. Nimeshona kikalio kwa kitambaa kilichotoka kwenye kochi la Mama, upande wa mgongo ambao haukuchakaa. Nampelekea kesho asubuhi.

Breki zote mbili nimezijaribu kwa kidole changu mwenyewe.

Mdogo wako,
Msumari